Kliniki ya pamoja ya ngozi na damu: nyota nne, ya tano imeliwa na ratiba

Naandikia hasa wenye mgonjwa ana CLL halafu ngozi nayo imeanza visa. Mzee wetu ana hio CLL miaka kadhaa sasa, kansa ya damu (lukemia) ya seli B, aina moja ya chembe nyeupe, inayokwenda polepole, hata dawa hajaanzishwa, ni kupima damu na kupapaswa tezi basi. Mara yakatoka mabaka mekundu ya magamba kiunoni, matakoni na mapajani, yaani kule kusikopigwa na jua, yanawasha usiku halali. Tulikotoka kila daktari alikua na lake, fangasi, pumu ya ngozi, mwingine akasema lukemia imehamia kwenye ngozi (inawezekana kweli, ndo maana tuliogopa).

Hapa daktari wa ngozi na wa damu wanamuona mgonjwa pamoja chumba kimoja, hamna kutumwa na barua huku na kule. Kwanza walimwachisha krimu ya stiroidi kama wiki mbili hivi maana inaupooza ugonjwa, ukikata kinyama unaweza usione kitu. Ndo wakachukua biopsi, yaani vinyama vya ngozi vya kupima, sehemu tofauti tofauti, na wakaagiza vile vipande vya biopsi ya zamani vilivyohifadhiwa kwenye nta vije wavisome upya, hio niliipenda sana.

Majibu sasa. Seli za kwenye ngozi ni T, aina nyingine ya chembe nyeupe, zina alama za CD3 na CD4, wakati za kwenye damu ni B, zina CD19, CD5 na CD23, na kipimo cha jeni kikaonyesha zile T zote ni ukoo mmoja, yaani zimezaliwa na seli moja kama kansa inavyofanya. Kwa hio ni kansa mbili, CLL ipo palepale na hii ya ngozi ni maikosisi fungoidesi, kansa ya seli T za ngozi (si fangasi), haijatokana na mwenzake. Daktari wa damu alimchorea mzee miti miwili nyuma ya bahasha ya eksirei, kila mmoja na mizizi yake, mzee akaelewa kuliko mimi niliyeshika ripoti. Nikauliza si mumpige rituksimabu, ile dawa ya kansa za seli B, imalize zote? Akacheka, akasema ile inatafuta alama ya CD20 ya seli B, hizi za ngozi hazina hio alama, itazipita tu.

Damu wakaiangalia tena kama zile T zimeingia, hazijaingia, kwa hio hamna kemo, ni krimu na kumulikwa ngozi kwa mwanga wa UVB. Na kwa vile mwenye CLL tayari yuko kwenye hatari zaidi ya kansa nyingine za ngozi, wanamkagua mwili mzima mpaka nyayo.

Ubaya sasa, ripoti imeandikwa kama ya kusomwa na maprofesa, simu ya mapokezi inaita mpaka inakata, na mwanga ni mara tatu kwa wiki, asubuhi tu, sasa anayemsindikiza mgonjwa na ana kazi afanyeje? Wafungue hata jioni mbili nirudi kuongeza hio nyota.