Albamu mpya ya roki ya indie: uinunue katika muundo gani?

Mpenzi wa roki ya indie na roki mbadala anayetaka kununua albamu mpya hukuta kazi ileile ikiuzwa kwa namna nne: faili za kupakua, CD, santuri na kaseti. Kwa kuwa bendi nyingi za aina hii hurekodi kwa fedha kidogo, chini ya lebo (kampuni ya kurekodi) ndogo au bila lebo kabisa, nimezipanga kwa kutazama ubora wa sauti anaobaki nao mnunuzi na fedha inayoifikia bendi.

Nafasi ya kwanza naipa faili ya FLAC inayonunuliwa kwa bendi yenyewe. FLAC hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chochote cha sauti, ilhali MP3 iliyobanwa mno hutupa sehemu yake, na katika roki yenye magitaa mazito hasara hiyo husikika mapema kwenye matoazi, ambayo huanza kuvuma kama maji. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2008, hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na tangu Machi 2020 imekuwa ikitenga baadhi ya Ijumaa ambazo huacha makato hayo. Anayeweza kusubiri Ijumaa hiyo na asubiri.

Ya pili ni CD, ambayo watu wameidharau mapema mno. Hubeba sauti ya biti 16 na kilohezi 44.1 (vipimo vya usahihi wa sauti ya kidijitali), hubeba takriban dakika 74 hadi 80, na ukiinakili kwenye kompyuta unapata FLAC yako mwenyewe. Haina fahari ya santuri, na pengine ndiyo sababu bei yake haijapanda wazimu.

Santuri naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hutosha vizuri takriban dakika 22. Muda ukizidi, mifereji ambamo sindano hupita hulazimika kusongamana, hivyo fundi anayeichonga hupunguza ukubwa wa sauti na besi. Isitoshe, kadiri sindano inavyokaribia katikati, ndivyo mfereji unavyopita chini yake kwa kasi ndogo, na katika wimbo wa mwisho wa upande utasikia herufi “s” za mwimbaji zikichanika. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, jumlisha dakika za kila upande: albamu ya dakika 50 iliyobanwa kwenye sahani moja iache, utafute toleo la sahani mbili. Uzito wa gramu 180, unaotangazwa kwa mbwembwe, hauboreshi sauti kwa wenyewe. Hakikisha pia kwamba ndani mna msimbo wa kupakua faili.

Kaseti, iliyoletwa na Philips mwaka 1963, ni ya mwisho: ina mvumo wa utepe, hivyo inunue kama kumbukumbu ya bendi uipendayo.

Huduma za kusikiliza mtandaoni sikuzipanga, kwa kuwa hapo hununui kitu, na tangu mwaka 2024 Spotify hailipi mrabaha kwa wimbo usiofikisha misikilizo 1,000 ndani ya miezi 12. Zitumie kuonja tu, nawe anza na nyimbo za mwishoni mwa albamu, kwa maana zile zilizotangulia kutolewa zilichaguliwa ili zikuvute.