Spika mpya, mlango uleule

Gari langu la umeme ni la 2012, na ukimya wake ndio ulioniponza. Injini ya petroli ingefunika mengi. Humu hata sarafu ikicheza kwenye kisanduku unaisikia. Kwa hiyo spika ya mlango wa dereva ilipoanza kukoroma kila besi ikiingia, sikuwa na pa kukimbilia. Nikafungua paneli na kukuta ukingo wa povu unaoshika koni umeoza, unapukutika vidoleni kama majivu.

Nikanunua jozi ya inchi 6.5, ukinzani omu 4, na usikivu, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa nguvu ileile, desibeli 91. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyonishawishi. Redio ya kiwandani ina wati chache, na spika iliyozidi nyingine kwa desibeli 3 hutoa sauti ileile kwa nusu ya nguvu. Yale maandishi ya wati 300 kwenye boksi nayaita mapambo.

Siku ya kwanza nilitaka kuzirudisha. Sauti za waimbaji zilikuwa safi, lakini besi imetoweka kabisa, mbaya kuliko zile zilizooza. Kosa lilikuwa langu: upande mmoja niligeuza waya, koni moja ikawa inasukuma huku mwenzake anavuta, besi zikauana hewani. Nilichomoa soketi nyuma ya redio, nikagusisha betri kavu ya volti 1.5 kwenye waya za kila spika, mguso wa mara moja tu. Kulia koni iliruka nje, kushoto ikaingia ndani. Nikabadilisha waya za kushoto, mdundo ukarudi.

Mluzi nao ulinisumbua wiki nzima. Ulisikika simu ikiwa kwenye chaja ya gari na kwenye waya wa kuingiza muziki kwa wakati mmoja. Nikichomoa chaja, kimya. Spika hazikuwa na hatia.

Kasoro zake zipo. Matundu ya skrubu hayakulingana na ya mlango, ikabidi nitafute ringi ya plastiki, na sauti za juu ni kali. Nimezipunguza hatua mbili. Ukitaka kuongeza amplifaya, pitisha waya zako mbali na zile za rangi ya chungwa, za umeme mkubwa wa gari. Hizo zina volti mia kadhaa, si za kuchezea.

Nazipa nne kwa tano. Za nyuma sijazigusa. Wanaokaa huko huwa wamelala.