Unamnunulia kijana kitabu cha Feynman? Anza na kile chembamba

Kila shule zikifungwa wazazi hapa Lamu waniuliza, mtoto apenda fizikia, nimnunulie kitabu gani cha profesa Richard Feynman, na wengi wao washaona yale mabuku matatu makubwa ya mihadhara yake wataka kuyaagiza hayo hayo. Ngojeni kwanza.

Namba 1 ni Six Easy Pieces. Ni sura 6 zilizotolewa kwenye hayo makubwa, chembamba, na aliyemaliza fom foo akifuata vizuri manake hesabu si nyingi. Mimi ningekinunua kwa sura ya mvutano peke yake, humo aeleza kwa nini maji hujaa mara 2 kwa siku wala si 1: ya upande wa mwezi yavutwa zaidi, na ya upande wa pili yavutwa kidogo kuliko dunia yenyewe, ndo maana huko nako yafura. Sisi tumezaliwa twajua bamvua na maji mafu, lakini hiyo ya upande wa pili nani alitwambia?

Namba 2, QED, kitabu cha 1985 juu ya nadharia ya vile mwanga na elektroni zinavyoathiriana. Nadharia hiyo ndo kazi iliyompa Nobel 1965 pamoja na wanafizikia wenzake Schwinger na Tomonaga, na hapa awaelezea watu wa kawaida. Yale marangi uyaonayo gatini mafuta ya boti yakimwagika juu ya maji, kijani, zambarau, yazunguka? Yeye aanza na kioo, chembe za mwanga 4 kati ya 100 zarudi kutoka uso wa mbele, ukihesabu na uso wa nyuma zaweza kurudi 0 hadi 16 kulingana na unene wa kioo, na kutoka hapo wafika kwenye mafuta yako. Sura ya kwanza niliirudia mara 3.

Surely You're Joking, Mr. Feynman! ni hadithi za maisha, Los Alamos, kulikotengenezwa bomu la atomiki, afungua makabati ya siri, Brazil akuta wanafunzi wamekariri tu. Tamu, ila kuna maneno kuhusu wanawake sikuyapenda, kisome wewe kwanza.

Makubwa matatu mwisho. Alifundisha hayo Caltech, chuo kikuu cha California, 1961 hadi 1963, ni ya chuo, na Caltech wenyewe wameyaweka bure kwenye intaneti.

Ukinunua mtumba itisha picha za kurasa za ndani. Mimi niliuziwa kimoja jalada safi kabisa, nikakipokea Mokowe na kukivusha kwa boti, kufungua nyumbani sura ya mvutano yote imeng'oka.