Seti ya kuunda molekuli: uzoefu wangu

Makundi tendaji, yaani sehemu za molekuli zinazoamua tabia yake, nilikuwa nayakariri kama shairi: alkoholi OH, aldehaidi CHO, asidi COOH. Nikichorewa molekuli iliyopinduliwa kidogo tu, nakwama. Ndipo nikanunua seti ya vitufe, yaani vijipira vya plastiki, kila kimoja kikiwa atomi moja, na vijiti vya kuviunganisha. Kaboni ni kitufe cheusi chenye matundu manne, oksijeni ni chekundu chenye mawili, hidrojeni ni cheupe chenye moja.

Jioni ya kwanza nilichukua kaboni mbili, hidrojeni sita na oksijeni moja, nikaunda ethanoli. Kisha nikaing'oa oksijeni pale mwisho, nikaipachika katikati ya zile kaboni mbili, na hidrojeni yake nikaihamishia kwenye kaboni. Vitufe vilevile, hakikuongezeka wala kupungua hata kimoja, lakini sasa nimeshika eta! Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi. Eta hii huchemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri, kwa hiyo chumbani ni gesi. Nilikitazama sana kile kitufe chekundu. Kwenye ethanoli kimeshika hidrojeni, na hidrojeni hiyo huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani, hivyo kuzitenganisha kunahitaji joto jingi. Kwenye eta kimezungukwa na kaboni kushoto na kulia, hakina hidrojeni ya kumfikia jirani.

Aldehaidi na ketoni zilinichukua dakika chache. Oksijeni ni ileile iliyoshikwa kwa vijiti viwili. Ikikaa kwenye kaboni ya mwisho ni aldehaidi, ikikaa kwenye kaboni iliyo kati ya kaboni nyingine mbili ni ketoni. Tangu hapo sijazichanganya tena.

Kasoro zipo. Benzeni, ile pete ya kaboni sita, inatoka na vijiti viwili, kimoja, viwili, kimoja, ilhali katika benzeni halisi viungo vyote sita kati ya kaboni vina urefu sawa. Mwanafunzi asipoambiwa, atapotoshwa. Halafu seti yangu ina oksijeni nne tu. Esta moja, yaani kundi ambalo kaboni moja imeshika oksijeni mbili na moja kati ya hizo imeunganishwa na kaboni nyingine, inachukua mbili, na molekuli ya mafuta ina makundi matatu ya esta, kwa hiyo siwezi kuiunda. Hilo liliniuma, maana ndiyo niliyoitamani zaidi.

Ukinunua, hesabu kwanza vitufe vyekundu, visipungue sita, na uhakikishe vipo vijiti vinavyopinda, vya kuunganisha vitufe kwa vijiti viwili.