Crimson Peak: hela imeenda kwenye nyumba, na nyumba ndo nimeiangalia mpaka mwisho

Naanza na hesabu maana hii muvi watu wanaibishania kila mwaka na nusu ya ubishi ni hesabu tu. Crimson Peak ya dairekta Guillermo del Toro, ya 2015, muvi ya mapenzi na mizimu ndani ya jumba la kizamani, kuitengeneza ilikula dola milioni 55, na kwenye majumba ya sinema dunia nzima ikaingiza milioni 74 na ushee. Ukisoma haraka unasema aah si faida hiyo, milioni 19 kavu, mbona wanasema ilidoda. Hapana bana. Hiyo 74 ni hela ya tiketi, mwenye ukumbi anakata chake kwanza, na kwa wastani anaondoka na kama nusu hivi, nje ya Marekani studio mara nyingi inabaki na pungufu ya hapo. Kwa hiyo zilizorudi kwa wenye mzigo piga kama milioni 37, na bado hujagusa mabango, trela na matangazo ya tivii, maana hizo hazimo kwenye ile 55. Wanaojua hii biashara wanasema muvi ianze kupumua ikishaingiza mara mbili mpaka mbili na nusu ya bajeti. Hii haikufika hata mara moja na nusu.

Haya, sasa hela ilienda wapi. Nyumba.

Yaani wamejenga jumba. Ndani ya studio kule Toronto, Kanada, ghorofa tatu, ngazi, korido, na lifti inayopanda na kushuka kweli, sio ya kudanganyia kwa kompyuta. Waigizaji wanatembea kutoka mlangoni wanaingia ukumbini wanapanda ngazi na kamera inawafuata bila kukata, unaona kabisa hamna kitambaa cha kijani nyuma yao, kile cha kubandikia picha za kompyuta. Kwenye dari ya ukumbi kuna tundu kubwa, majani makavu yanadondoka ndani taratibu, baadaye theluji, na pale theluji inapotua katikati ya sebule ya watu nilisimamisha nikarudisha nyuma. Chini, udongo mwekundu unapenya kwenye mbao za sakafu, mtu akikanyaga ubao unachuruzika. Halafu walipomaliza kurekodi wakalibomoa. Mimi ningekuwa mhasibu wa ile kampuni ningeumwa kichwa, ila kama mtazamaji nasema walitendea haki kila dola. Mizimu nayo ni watu kweli waliopakwa na kuvishwa, Doug Jones akiwa mmojawapo, kompyuta imeongezea juu tu.

Kitu kinachochekesha ni kwamba stori yenyewe ni ya mtu anayetafuta mtaji. Mwaka 1901, Sir Thomas Sharpe (Tom Hiddleston) katoka Uingereza na jina kubwa na mfuko mtupu, anafika Buffalo, New York, na kimashine chake kidogo cha mfano cha kuchimbia ule udongo, anawaonyesha wazee wenye hela kinavyofanya kazi. Mzee Cushing, baba yake Edith, yule binti atakayeolewa na Sharpe na kuhamia kwenye lile jumba, anamsikiliza, halafu anamkumbusha kwamba ameshazunguka London, Edinburgh na Milan akinyimwa. Kisha anamshika mikono mbele za watu na kusema hajawahi kushika mikono laini hivi. Basi, kikao kimeisha. Hiyo sini haina damu wala mzimu na ni kati ya sini kali kabisa humu, na kila nikiiona nawaza Del Toro mwenyewe ameshakaa upande wa Sharpe mara ngapi, na kimashine chake mezani, mbele ya watu wa aina ya Cushing. Safari hii walikubali, labda kwa sababu kampuni ileile, Legendary, ilikuwa imetoka kufanya naye Pacific Rim 2013 ikavuka milioni 400.

Uigizaji: Mia Wasikowska kama Edith yuko sawa, Charlie Hunnam simkumbuki sana, Jessica Chastain kama Lucille, dada yake Sharpe, anawafunika wote. Kuna pale Edith mgonjwa kitandani na Lucille anamlisha uji, anaongea kwa upole kabisa kuhusu kumuuguza mama yake, na kila akichota kijiko anakikwangua kwenye bakuli. Krrr. Krrr. Nimeogopa pale kuliko kwenye mizimu yote myekundu inayotambaa koridoni, na kile kijiko sidhani kama kilifika dola kumi. Hapo ndo unajiuliza hivi woga unanunuliwa kweli au.

Wenzao walishajibu zamani. The Others ya 2001, Nicole Kidman kwenye jumba moja, mapazia yamefungwa muda wote kwa sababu watoto hawawezi kupigwa na mwanga, nje ukungu tu, bajeti milioni 17 na ikaingiza zaidi ya milioni 200. The Woman in Black ya 2012, chini ya milioni 20, ikavuka 125. Kiza hakina gharama, mlango unaojifunga wenyewe hauna gharama. Ndo maana studio zinapenda horo, yaani muvi za kutisha, hata ikidoda haziumii sana. Sasa Del Toro akaja na horo yenye nguo za kifahari na jumba zima la kujengwa, hiyo ni bei nyingine kabisa na inataka watu wengi zaidi ya wale wa kawaida.

Na hapa ndo kilio changu. Waliouza hii muvi waliiuza vibaya. Trela inakupa mizimu, makelele, milango, ukitoka pale unajua unaenda kurushwa kwenye kiti. Wakati ndani ya muvi Edith, ambaye ni mwandishi, anasema mwenyewe kwamba stori yake si ya mizimu, ni stori ambayo ndani yake kuna mzimu. Del Toro naye alikuwa anarudia kila mahali kwamba hii ni mapenzi ya kigothiki, yaani stori ya mapenzi yenye jumba la kale, kiza na siri. Hakuna aliyemsikiliza. Wakaitoa tarehe 16 Oktoba karibu na Halloween, siku moja na Goosebumps ambayo ni ya kutisha kidogo kwa ajili ya watoto, familia nzima inabeba popukoni, ile ikashika namba moja na milioni 23, Crimson Peak ikaanguka namba nne na milioni 13. Yenyewe ina ukomo wa umri, Marekani chini ya miaka 17 huingii bila mkubwa, kwa hiyo vijana wa shule ambao ndo wateja wa Oktoba wakabaki nje. Wiki iliyofuata zikaja muvi nyingine za mizimu na wachawi, Paranormal Activity nyingine na The Last Witch Hunter, mauzo ya Crimson Peak yakashuka zaidi ya nusu. Kwisha.

Kuna wadau wanasema tatizo ni muvi yenyewe, watu hawakuipenda, mbona wale wanaohojiwa mlangoni na CinemaScore, kampuni inayokusanya alama za watazamaji, waliipa B-. Sawa, lakini Nosferatu ya Robert Eggers ya 2024 nayo ilipata B- hiyohiyo, bajeti milioni 50, nayo ina majengo na mavazi na mapanya maelfu, ikatoka siku ya Krismasi wakati hamna horo nyingine mjini, na ikaingiza milioni 180. Ukomo wa umri uleule. Jina la vampaya linajulikana, hilo nakubali linasaidia sana, ila pia walisema wazi wanauza nini, kiza, maiti na tamaa, aliyekuja alikuja anajua.

Del Toro mwenyewe alirudi 2017 na The Shape of Water, bajeti kama milioni 20, mjini Toronto tena, Doug Jones tena ndani ya vazi, ikaingiza karibu 195 na kubeba Oscar ya picha bora. Theluthi tu ya hela. Ukitaka kuona mtu aliyepewa bajeti ndogo akalazimika kuchagua, angalia hiyo. Ukitaka kuona mtu aliyeachiwa ajenge anachotaka, ni hii.

Sasa kama unataka kuiangalia, usiangalie kwenye simu, nakuomba. Nusu ya muvi iko gizani, rangi ni nyekundu na kijani kibichi kilichozama, na ile kopi ya kurushiwa kwenye fleshi imebanwa mpaka kiza kinakuwa vibokisi vibokisi vya kijivu, hapo umelipa buku kuangalia ukuta. Kodi ya HD halali, zima taa, vaa hedifoni kwa ajili ya kile kijiko tu. Dakika arobaini za mwanzo ziko Buffalo na zinaenda polepole, karamu, dansi, mazungumzo ya wazee wa hela, vumilia, wakifika kwenye jumba haitoki tena machoni. Siri yenyewe utaigundua mapema, mimi niliigundua kabla Edith hajashtuka na wala haikunipunguzia kitu.

Nyota nne kwa waliojenga, mbili kwa waliokata trela. Anayetaka kurushwa kwenye kiti kila dakika tano asiikodi, atakuja kunitukana.