Mobetron katika upasuaji wa saratani ya kongosho

Mobetron ni mashine ya kumpa mgonjwa mionzi palepale kwenye chumba cha upasuaji. Kabla ya mashine kama hii, mgonjwa alifunikwa tumbo lililo wazi kwa shuka safi, akasukumwa mpaka idara ya mionzi huku bado amelala usingizi wa dawa. Mobetron, ya kampuni ya IntraOp ya Marekani, imeondoa msafara huo. Ina magurudumu na inajikinga yenyewe, hivyo kuta hazihitaji kuwekwa madini ya risasi ya kuzuia mionzi. Ila ina uzito unaozidi tani moja: sakafu ipimwe kabla ya kuinunua.

Hutoa elektroni za MeV 6, 9 na 12 (MeV ni kipimo cha nishati). Kwa kongosho, hilo ndilo la maana, kwa sababu MeV 12 hufika karibu sentimita 4 kwenda chini. Intrabeam, mashine nyingine ya aina hii yenye eksirei dhaifu za kV 50, hupoteza zaidi ya nusu ya dozi ndani ya sentimita moja tu, hapa haituridhishi.

Uvimbe ukishatolewa, na kabla utumbo haujaunganishwa, chagua silinda ya kuelekeza mionzi inayofunika eneo lote na ziada ya sentimita moja kila upande. Mgongo wa ndani una mteremko, kwa hiyo mdomo wa silinda uliokatwa nyuzi 15 au 30 hukaa vizuri kuliko ulionyooka. Tumbo na utumbo visogezwe kwa shashi zilizoloweshwa. Damu inyonywe mpaka pakauke: kimiminika cha sentimita moja kinakula kina hichohicho cha mionzi. Kichwa cha mashine hakigusi silinda, hulengwa kwa leza. Koleo linaloshika silinda likisogea kidogo, lenga upya. Wote hutoka, mgonjwa akifuatiliwa kwa kamera. Mionzi yenyewe ni kama dakika mbili. Maandalizi ndiyo yanayokula muda.

Gy (kipimo cha dozi ya mionzi) 10 hadi 12.5 hutosha pale kingo za eneo lililokatwa zilipo safi au zina mashaka. Uvimbe ukibaki, Gy 15 hadi 20, pamoja na Gy 45 hadi 50.4 za mionzi ya nje ya mwili. Duodenamu, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, ikiachwa ndani ya silinda, tegemea vidonda na kutokwa damu miezi ya baadaye. Mrija wa nyongo nao unaweza kusinyaa.

Maumivu ya mgongo hupungua kwa wengi. Ila mionzi hii haizuii saratani kusambaa kwenye ini: katika RTOG 8505, utafiti wa Marekani, waliopewa Gy 20 bila kutolewa uvimbe, nusu hawakuvuka miezi 9. Tungeitumia baada ya kemotherapia kuonyesha kwamba ugonjwa haujasambaa, si kabla.