Waya wa bobini za volti kubwa: ununue upi Lubumbashi

Shaba inachimbwa hapa hapa Katanga, ila waya wa kufungia bobini unaletwa toka nje na unauzwa kwa kilo. Kwa hiyo piga hesabu kabla ya kwenda kwa mafundi wa kufunga mota. Bobini ya Tesla, ile inayotoa cheche ndefu hewani, yenye mizunguko 1,000 ya waya wa milimita 0.4, juu ya tiyo ya PVC ya milimita 110, inakula karibu mita 350. Hizo ni gramu 400 hivi. Nusu kilo yatosha.

Wa kwanza ni waya mpya wa shaba wenye enameli (rangi inayozuia umeme usivuke) nene, gredi 2. Chukua rolo isiyo na kiungo. Mwombe papa muuzaji kipande kidogo, ukikunje kabisa: enameli ikipasuka, rudisha. Kisha kata ncha kwa wembe uitazame. Ikiwa nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba. Ukinzani wake ni mkubwa, na rolo yake ni nyepesi mno mkononi. Wauzaji wengine wenyewe hawajui, usianze ugomvi.

Gredi 1, yenye enameli nyembamba zaidi, inafuata, na kwa bobini ya tabaka moja mimi naichukua bila wasiwasi. Volti 100,000 zikigawanywa kwa mizunguko 1,000, kati ya waya na jirani yake kunabaki wastani wa 100 tu. Pesa iliyobaki nunulia verni ya kupaka juu ya bobini.

VOB, ule waya wa nyumba, una ganda nene linalomaliza nafasi. VOB ya 6 (milimita 6 za mraba) inafaa kwa bobini ya chini, ile inayopokea umeme kwanza, yenye mizunguko michache. Na kwa kuilisha, transfo ya mikrowevu iache kabisa: inaua.

Wa mwisho ni waya uliofunuliwa kwenye mota iliyoungua. Bei yake inavutia, lakini enameli imeshapikwa na kukunjwa-kunjwa.

Bobini za tabaka nyingi hazifi kwa sababu ya waya, zinafia kati ya tabaka. Ukienda na kurudi, mwisho mmoja wa tabaka mbili unabeba volti za zote mbili. Hapo weka karatasi ya polyesta, ile mafundi wanayoingiza kwenye mifereji ya stata (sehemu ya mota isiyozunguka), na iuzidi waya kwa milimita 5 au zaidi kila upande, maana hewa kavu inavunjika kwenye volti 3,000 hivi kwa milimita. Shaterton nyeusi, ule utepe wa gundi wa mafundi umeme, ni ya kushikilia ncha tu. Ikipata joto gundi yake inateleza.

Verni ipake nyembamba, mara tatu au nne, tiyo ikiwa kavu kabisa. Wakati wa mvua, Novemba hadi Machi, iache ndani siku kadhaa kwanza. Mafuta ya transfo za zamani usinunue hata kwa bei ya bure: yanaweza kuwa na PCB, sumu inayokaa mwilini miaka.